Vyuo vizuri navyo vijitembeze

Kuna jambo ambalo sisi walimu wa vijijini tunaliona kila mwaka, lakini wakubwa wa elimu hawalizungumzi sana. Jambo lenyewe ni namna vyuo vyetu vinavyotafuta wanafunzi na namna vinavyotafuta fedha. Kwa maoni yangu hizi ni kazi za kitaalamu, sawa na uhasibu au ukutubi, na wanaozifanya inafaa wapelekwe kusomea. Hivi sasa katika vyuo vingi zinafanywa na yeyote aliye karibu, na wanaoumia ni wazazi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa wilayani Chato. Sifundishi sekondari wala chuoni, na mtu anaweza kuuliza haya yananihusu nini. Lakini kijijini mwalimu ni mwalimu. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka mwezi Januari, mzazi haendi kwa afisa elimu. Anakuja kwangu jioni na karatasi aliyopewa gulioni, anakaa kwenye benchi, ananiuliza habari za mvua, kisha anatoa ile karatasi mfukoni na kusema, "Mwalimu, hebu nisomee, chuo hiki kikoje?" Kijana wake nilimfundisha kusoma na kuandika. Nitamfukuzaje?

Karatasi zenyewe zinafanana. Zina picha ya vijana waliovaa makoti meupe, zina maneno "nafasi chache zimebaki" na "ajira nje nje", na chini kuna namba ya simu ya mtu. Namba ya usajili wa chuo haipo, na anwani ya posta haipo. Ukipiga simu anapokea kijana anayejiita afisa udahili. Ukimwuliza ada anakutajia ya muhula wa kwanza tu. Fedha ya mitihani, sare, bima, kitambulisho na mafunzo kwa vitendo utazijua mtoto akishafika. Ukimwambia kijana huyu hakufaulu kemia wala baiolojia naye anataka uuguzi, anajibu, "Aje tu, mengine tutayaona hukohuko."

Mwaka juzi jirani yangu aliuza ng'ombe wawili na kumpeleka binti yake katika chuo kimoja cha mkoa wa mbali, ambacho sitakitaja. Binti alipofika aliambiwa kozi aliyoahidiwa bado haijapata kibali, akawekwa katika kozi nyingine "kwa muda". Muda huo haukuisha. Alirudi nyumbani baada ya muhula mmoja, ada haikurudi, na leo anapika chakula kwenye machimbo, anawauzia wachimbaji wanaotoka kwenye maduara. Kazi hiyo ni halali na siidharau. Lakini ng'ombe wale walikuwa ndiyo akiba ya nyumba nzima, na mdogo wake aliyefuata hakupelekwa popote. Baba yao anasema vyuo vyote ni wezi, na kijijini maneno ya mtu aliyeuza ng'ombe yana uzito kuliko yangu.

Mwaka uleule nami nilijiwa na wakala. Alikuja kwa bodaboda, akaniita "kiongozi", akaomba nimpe majina na simu za vijana wote wa kijiji waliomaliza kidato cha nne, na kwamba kila atakayejiunga mimi nitapata changu. Alinieleza bila kificho kwamba yeye mwenyewe hulipwa kwa kichwa. Ndugu Mhariri, hapo ndipo nilipoelewa kwa nini karatasi zile zinaandikwa vile. Mtu anayelipwa kwa kichwa hana sababu ya kumwambia mzazi kwamba mtoto huyu hafai kozi hii. Mtoto akifika chuoni, wakala ameshapata chake. Akirudi nyumbani baada ya mwezi, hilo si shauri lake.

Wenzetu wa Marekani, ambao vyuo vyao vimekuwa vikishindania wanafunzi tangu zamani, waliyaona haya wakatunga sheria. Tangu mwaka 1992 sheria yao inakataza chuo kinachopokea fedha za misaada na mikopo ya serikali kumlipa mwandikishaji kwa idadi ya wanafunzi aliowaleta. Hata hivyo udanganyifu haukuisha. Mwaka 2015 kampuni kubwa ya vyuo iitwayo Corinthian Colleges ilifunga milango baada ya kubanwa na serikali kwa kuwadanganya watu juu ya ajira walizopata wahitimu wake, na maelfu ya wanafunzi waliachwa njiani wakiwa na madeni. Ikiwa yametokea kwa matajiri wale wenye mahakama kila kona, sisi wa gulioni tutasalimika vipi?

Sasa hali hii ilitoka wapi? Zamani chuo hakikutafuta mwanafunzi, mwanafunzi ndiye aliyetafuta chuo, au serikali ilimtafutia. Vilipoanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, kwa mfano tulioutoa Sweden, kijiji ndicho kilichokaa na kumchagua mtu wa kupeleka kusoma, naye alirudi kukitumikia kijiji. Mimi mwenyewe nilipokwenda Chuo cha Ualimu Katoke sikuona tangazo lolote. Nilichaguliwa, nikafunga godoro nikaenda. Vyuo vikuu navyo, tangu mwaka 2010 waombaji walipangwa kwa mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mwaka 2017 utaratibu huo ukaachwa, ikaamuliwa kila mwombaji aombe moja kwa moja chuoni. Mwaka huohuo, mwezi Julai, TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa sababu ya kasoro zake. Kwa hiyo katika mwaka mmoja vyuo viliambiwa vijitafutie wanafunzi, na wananchi wakaonyeshwa kwamba si kila chenye jina la chuo kinafaa. Walioambiwa wajitafutie hawakufundishwa namna ya kutafuta. Mhadhiri wa historia akapewa meza na fulana kwenye maonesho ya Mnazi Mmoja, akaambiwa aite watu.

Najua jibu la walimu wenzangu. Watasema chuo si duka la khanga, na kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo nimeisikia hata kwenye kikao. Mimi nasema huku kwetu methali hiyo inatuumiza, kwani kibaya kweli kinajitembeza, kinafika mpaka mwaloni kwa wavuvi, na kwa kuwa ndicho pekee kilichofika, ndicho kinachonunuliwa. Kizuri kimekaa mjini kinangoja kujiuza. Hapa Chato tuna chuo cha ufundi stadi cha VETA, kilichozinduliwa Januari 2021 alipokuja Waziri wa Mambo ya Nje wa China, Wang Yi. Ni mali yetu na ni fahari yetu. Lakini chukua mzazi wa kijiji cha ndani, mwulize chuo cha ufundi cha serikali kinafundisha nini; atakutajia magari na cherehani, basi. Mwulize kama binti anaweza kusomea umeme, atacheka. Jengo peke yake, hata likiwa zuri namna gani, halimweleezi mtu kwamba anakaribishwa.

Basi wafundishwe nini hao watafuta wanafunzi? Cha kwanza kabisa ni kuhesabu. Ni vyuo vingapi vinavyojua, katika watu mia walioulizia, wangapi waliomba, wangapi walikubaliwa, wangapi walifika na wangapi walimaliza? Na wale waliokubaliwa wasifike, walikwama wapi? Mimi naweza kusema walikokwama wa huku kwetu. Barua ya kujiunga inamtaka mkulima alipe mwezi ambao hana hata senti. Mkulima wa pamba anashika fedha kuanzia Mei na Juni, msimu wa ununuzi unapofunguliwa; ukimdai Februari unamtuma kwa mkopeshaji. Mvuvi wa dagaa anapata fedha usiku wa giza, mwezi ukiwaka taa zake hazivuti samaki, naye hukaa pwani akishona nyavu. Mchimbaji mdogo ndiyo kabisa, leo ana milioni, kesho anaomba chumvi. Msajili aliyefundishwa kazi yake angekaa na kalenda ya mkoa wa Geita, akapanga malipo ya kidogo kidogo yanayofuata pamba na mwezi. Hilo halimgharimu mkuu wa chuo chochote, na lingeleta wanafunzi wengi kuliko spika za gari zinazotupigia kelele wakati wa vipindi.

Cha pili ni kusema kweli kwa Kiswahili. Baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, NACTVET, hutoa mwongozo wa udahili unaoonyesha vyuo vilivyosajiliwa, kozi, sifa za kuingia na ada. Ni kazi nzuri sana na mimi huutumia kwenye simu yangu. Lakini umeandikwa kwa Kiingereza, na jirani yangu mwenye ng'ombe asingeusoma hata ungepigiliwa mlangoni kwake. Karatasi moja tu, yenye namba ya usajili, sifa, na gharama yote ya mwaka mzima kuanzia ada hadi nauli, ikibandikwa ofisi ya kijiji, itawafukuza mawakala kuliko mgambo. Iandike pia kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha hata wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa. Wazazi wengi bado wanadhani mkopo ni wa chuo kikuu tu.

Nikija kwenye fedha, Ndugu Mhariri, niruhusu nicheke kidogo kwanza. Sisi watu wa elimu tunajua njia moja tu ya kuomba msaada, nayo ni risala kwa mgeni rasmi. Siku ya mahafali mwanafunzi mwenye sauti nzuri anasimama na kusoma: tunakabiliwa na upungufu wa vitanda, hatuna uzio, hatuna gari, jiko letu linavuja. Orodha inakuwa ndefu kiasi kwamba mgeni anaanza kuangalia saa. Kisha anaahidi mifuko ya saruji, tunapiga makofi na vigelegele, ngoma inaingia, tunakula pilau. Hakuna aliyeandika ahadi ile katika daftari. Hakuna anayemfuata mgeni baada ya mwezi mmoja. Na ile mifuko ikifika kweli, hakuna anayempelekea picha ya ukuta uliojengwa, ingawa risala ya mwaka ujao atasomewa tena uzio uleule. Nani atatoa mara ya pili kwa namna hiyo?

Si kwamba hatuna mfano wa watu waliojua kuomba. Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961, kilitafutiwa fedha kabla hakijajengwa. Joan Wicken, Mwingereza aliyekuwa baadaye msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, aliifanya kazi hiyo ya kuchangisha. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na darasa moja la sheria lenye wanafunzi wasiofika ishirini, kwa sababu chama kilitoa jengo lake. Jirani zetu wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walichanga kwa harambee ili kila sehemu iwe na chuo chake cha ufundi. Vilivyosimamiwa vizuri vimekua. Kile cha Kimathi kule Nyeri leo ni chuo kikuu kamili. Sehemu nyingine watu walichanga, wakangoja, chuo wasikione.

Hapa kwenye ukanda wa dhahabu ndipo ninapoumia zaidi. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni ya kuchimba anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kuisaidia jamii na kukubaliana na halmashauri ya mahali alipo. Tangu mwaka 2001 kuna sheria ya Mfuko wa Elimu, unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, ambapo anayechangia elimu hupata hati na nafuu ya kodi. Maana yake fedha zipo na mlango wa kisheria upo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuandika ombi lililo na hesabu, lisemalo mashine hii ni ya bei hii, itafundisha vijana kadhaa kwa mwaka, na ninyi mnaajiri mafundi wa aina hiyo.

Tena ushahidi upo kwamba kampuni zikiombwa hivyo hutoa. Mwaka 2009 kampuni za madini kupitia Chemba yao zilianzisha pamoja na VETA mafunzo ya mafundi wa migodini, kwa sababu zilikuwa zinahangaika kupata mafundi. Mafunzo hayo yaliwekwa katika chuo cha VETA Moshi. Moshi! Sina ugomvi na Wachaga, na chuo kile kilikuwa na karakana na uzoefu. Lakini kijana wa Nyarugusu anayesikia baruti za mgodi kutoka kitandani kwake asafiri mpaka chini ya Kilimanjaro kusomea ufundi wa mgodi? Fedha na mipango huenda kwa aliyejiandaa kuvipokea.

Je, mafunzo haya yatolewe wapi? Hatuhitaji kujenga chuo kipya cha kufundisha vyuo, maana najua kamati zetu zinavyopenda kuanza na jiwe la msingi. Tunaye Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao Bagamoyo, ambao wamekuwa wakiwanoa walimu wakuu na maafisa elimu kwa miaka mingi. Tuna Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanza mwaka 1965, ambacho hufundisha somo la masoko na kina tawi Mwanza, karibu na sisi. Hao wawili wakikaa meza moja wanaweza kutunga kozi ya majuma machache kwa wasajili na makamu wakuu wa vyuo, wakati wa likizo. Marekani kuna baraza liitwalo CASE, lililoundwa mwaka 1974, ambalo kazi yake ni kuwafundisha na kuwaunganisha watu wa vyuo wanaotafuta fedha na kushughulika na wahitimu. Afrika Kusini kuna taasisi ya Inyathelo, iliyoanza mwaka 2002 kwa shabaha kama hiyo. Tusichukue kila kitu chao. Mmarekani humpigia simu mhitimu wake akimwomba dola, na mimi chuo changu kikinipigia tarehe ishirini na tano kabla ya mshahara, tutagombana. Lakini kuniandikia mara moja kwa mwaka, kuniuliza nilipo na ninafanya nini, kunipa majina ya vijana watatu wa kijiji changu niwashauri, hilo ningelipokea kwa mikono miwili. Tangu nimehitimu hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ombi langu kwa NACTVET na kwa Wizara ni dogo na halihitaji kungoja kozi hizo. Mtu yeyote anayepita vijijini kuandikisha wanafunzi awe na barua ya chuo yenye namba ya usajili, airipoti kwanza kwa mtendaji wa kijiji, na asilipwe kwa kichwa. Asiye na barua asipokee hata shilingi ya fomu. Na mwongozo wa udahili utafsiriwe, uletwe ofisi za vijiji kabla ya Januari, kwa maana matokeo yakishatoka mawakala hawalali, na benchi langu la jioni linajaa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Chato, Geita.